Sukari ya Mzee K.: wanafunzi wa kada nne na mgonjwa mmoja, Tanga

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya walimu wa vyuo vya afya na wasimamizi wa mafunzo kwa vitendo. Kilitokea katika hospitali moja mkoani Tanga. Majina yameondolewa, na baadhi ya mambo yanayomhusu mgonjwa na familia yake yamebadilishwa ili wasitambulike. Vyuo vilivyohusika havitajwi. Mfuatano wa matukio na sababu za maamuzi zimeachwa kama zilivyokuwa.

Mazingira

Hospitali hii hupokea wanafunzi wa stashahada kutoka vyuo viwili. Kimoja huleta wanafunzi wa utabibu na wa uuguzi na ukunga, kingine huleta wa famasi na wa maabara. Wote huzunguka katika majengo yale yale na kuhudumia wagonjwa wale wale. Wakihitimu, wengi watapangiwa vituo vya afya ambako tabibu, muuguzi na mtu wa maabara wanafanya kazi mlango kwa mlango. Hata hivyo, mwanafunzi wa utabibu aliweza kumaliza mzunguko wake wote bila kumjua kwa jina mwenzake wa maabara aliyekuwa akipima damu za wagonjwa wake kila siku. Kila kada ilikuwa na mwalimu wake, kitabu chake cha kusainiwa na mtihani wake. Hata chai ya saa nne walikunywa mabanda tofauti.

Walimu wa kada zote nne, nami nikiwa mmoja wao, tulikubaliana kuwafundisha pamoja. Wazo lenyewe ni la siku nyingi. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoyaeleza mafunzo ya namna hii kuwa ni pale wanafunzi wa kada mbili au zaidi wanapojifunza kuhusu wenzao, kutoka kwa wenzao na pamoja na wenzao, ili washirikiane vizuri na afya ya watu iwe bora. Kuwaweka pamoja ni rahisi, unahitaji ukumbi tu. Kumfanya mwanafunzi wa utabibu ajifunze kitu kutoka kwa mwanafunzi wa maabara ndiko kwenye kazi.

Tulianza na mihadhara ya pamoja, Ijumaa mchana, mada zikiwa mawasiliano, maadili na usalama wa mgonjwa. Haikuenda. Wanafunzi walikaa kwa makundi ya sare zao, weupe huku, bluu kule. Muda uliochaguliwa uligongana na sala ya Ijumaa, na kwa mji kama Tanga hilo ni nusu ya darasa kuingia katikati ya somo. Fomu za tathmini zilirudi zikisema mada zilikuwa nzuri. Wodini hakuna kilichobadilika: mwanafunzi wa uuguzi aliendelea kusimama nyuma kwenye raundi, na wa famasi aliendelea kuishia dirishani kwenye chumba cha dawa.

Uamuzi wa kwanza wa maana ukawa kuifuta mihadhara. Badala yake ziliundwa timu za wanafunzi wanne, mmoja kutoka kila kada, na kila timu ikapewa mgonjwa wa kumfuatilia kuanzia kulazwa hadi kuruhusiwa. Tulikuwa na mfano wa kuangalia. Linköping, Uswidi, walianzisha mwaka 1996 wodi ya mafunzo ambako wanafunzi wa kada mbalimbali huendesha huduma kwa pamoja chini ya usimamizi. Sisi hatukuwa na wodi ya kutenga, tulipewa vitanda vichache katika wodi ya wanaume. Timu haikuruhusiwa kubadilisha matibabu. Ilipaswa kuchunguza, kukutana, kuandika karatasi moja ya pamoja, kisha kupeleka pendekezo kwa daktari wa wodi, ambaye ndiye mwenye uamuzi.

Mgonjwa

Mzee K. ni mtu wa makamo ya juu, aliyefanya kazi miaka mingi katika mashamba ya mkonge. Ana kisukari cha muda mrefu na alikuwa akitumia metformini na glibenklamidi. Wiki chache kabla ya kulazwa aligundulika kuwa na kifua kikuu na kuanzishiwa vidonge vya mchanganyiko wa dawa nne, rifampisini ikiwamo. Alipimwa VVU, hana. Kisukari na TB kukutana kwa mtu mmoja si ajabu: mwenye kisukari yuko katika hatari ya kupata TB mara mbili hadi tatu zaidi ya asiye nacho, na TB yenyewe hupandisha sukari.

Alilazwa kwa sababu ya kwenda haja ndogo usiku kucha, kiu, kuishiwa nguvu, na kidonda kidogo cha kisigino kilichokuwa hakitaki kukauka. Binti yake alikuwa akimletea chakula kutoka nyumbani na kulala sakafuni kando ya kitanda. Katika faili, siku ya pili, kulikuwa na sentensi ambayo wengi wetu tumeiona mara nyingi: “Mgonjwa hafuati masharti ya chakula. Apewe ushauri.”

Yaliyotokea

Raundi ya kwanza ya timu ilikuwa kama raundi zote. Mwanafunzi wa utabibu alisimama karibu na daktari na kusoma faili. Mzee alimwita “dokta”. Wanafunzi wa uuguzi na wa famasi aliwaita “sista” wote wawili. Mwanafunzi wa maabara hakuwapo, kwa sababu ratiba ya chuo chake ilimtaka awe maabara asubuhi yote.

Tatizo lililoonekana lilikuwa la vipimo visivyokubaliana. Glukomita ya wodini, kifaa kinachopima sukari kwa tone la damu ya kidole, ilisoma 17.4 milimoli kwa lita asubuhi kabla ya kula. Damu iliyopelekwa maabara asubuhi hiyo hiyo ilirudi na 13.5. Daktari alifikiri glukomita imechoka na kutaka dozi ya glibenklamidi iongezwe kidogo, pamoja na ushauri wa chakula. Kwa alichokuwa nacho mkononi, ulikuwa uamuzi unaoeleweka.

Mwalimu wa famasi aliona kitu mara alipofungua faili, akatuvuta pembeni. Je, aseme? Tuliamua anyamaze hadi kikao cha timu mchana huo, kwa masharti. Daktari wa wodi angeambiwa papo hapo kwamba kuna suala la dawa linachunguzwa na aombwe asiongeze dozi hadi jioni. Sukari ingepimwa kila baada ya saa nne. Ikivuka 20, au mgonjwa akianza kuchanganyikiwa au kupumua kwa haraka, mwalimu angeingia mara moja, somo au si somo. Bila masharti hayo kunyamaza kusingekuwa halali, na ninaomba anayetaka kuiga kisa hiki asiyaruke.

Kikao kilifanyika katika chumba cha ripoti. Tulitumia utaratibu mmoja uliozua manung’uniko mwanzoni: kila mwanafunzi anasema alichokiona kwa jicho la kada yake, na wa utabibu anasema wa mwisho. Sababu ni kwamba akianza yeye, wengine huitika tu. Pia tulimtoa mwanafunzi wa maabara kwenye benchi lake kwa kumwomba msimamizi wake saa moja.

Aliyeanza ni wa uuguzi. Kwa sauti ya chini alisema kwamba alikaa na mzee chakula cha usiku kwa siku mbili. “Binti yake analeta ugali wa muhogo kidogo, mchuzi wa samaki na mchicha. Chai haina sukari, nimeionja. Hali chochote kwa siri.” Alikuwa na habari hiyo tangu jana. Alipoulizwa kwa nini hakuisema kwenye raundi, alijibu kwamba hakuna aliyemuuliza.

Akafuata wa famasi. Rifampisini huamsha vimeng’enya vya ini vinavyovunja dawa nyingi, na glibenklamidi ni mojawapo. Nguvu hiyo haiji siku ya kwanza, hujengeka ndani ya wiki moja hadi mbili. Alikuwa ameandika tarehe mbili pembeni mwa daftari lake: siku mzee alipoanza dawa za TB na siku, kwa maelezo ya mzee mwenyewe, alipoanza kuamka usiku kwenda msalani. Zilipishana kwa siku kumi hivi. Kuongeza glibenklamidi, alisema, ni kuongeza kitu ambacho ini linakivunja.

Mwanafunzi wa maabara hakuwa amezungumza. Alikuwa ameshika fomu ya kipimo na kuigeuza pande zote.

“Damu hii ilichukuliwa saa ngapi, sista?”

“Saa kumi na mbili asubuhi.”

“Sisi tuliipokea saa nne. Hapa pa kuandika saa pako wazi. Na ilikuja kwenye tyubu gani?”

Ilikuwa tyubu ya kifuniko chekundu. Akaeleza, safari hii bila kusita, kwamba chembe za damu zinaendelea kula sukari ndani ya tyubu. Damu isiyotenganishwa hupoteza kama asilimia 5 hadi 7 ya sukari kila saa, na joto kama la Tanga huharakisha. Ndiyo maana kuna tyubu ya kifuniko cha kijivu yenye floridi ya kuzuia hilo, na hata hiyo inatakiwa ifike mapema. Majibu ya maabara, aliyoyatoa yeye mwenyewe asubuhi ile, ndiyo yaliyokuwa chini ya ukweli. Glukomita haikuwa na kosa.

Mwanafunzi wa utabibu alikuwa wa mwisho. Alikusanya vipande hivyo na kuongeza chake: TB na kidonda navyo vinapandisha sukari, kwa hiyo rifampisini si sababu pekee. Akapendekeza glibenklamidi isimamishwe kwa kipindi chote cha rifampisini, mgonjwa aanze insulini, ambayo haivunjwi kwa njia hiyo ya ini, na metformini iendelee iwapo kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, iko sawa. Wa maabara akasema kreatinini ataifuatilia yeye.

Pendekezo linapofika kwa daktari

Daktari hakulikubali jioni ile. Hoja ya rifampisini aliipokea, lakini kuhusu vipimo alisema hawezi kuanzisha insulini kwa kuiamini glukomita dhidi ya maabara kwa maneno ya mwanafunzi. Alikuwa na haki ya kutaka ushahidi. Aliagiza dozi ya glibenklamidi ibaki ilivyo hadi kesho. Timu ikaandaa jaribio dogo.

Kesho yake saa kumi na mbili mwanafunzi wa uuguzi alitoa damu mara moja na kuigawa katika tyubu mbili, huku tone la kidole likienda kwenye glukomita. Kila fomu iliandikwa saa. Ya kijivu ilipelekwa kwa miguu na mwanafunzi wa famasi na ikapokelewa maabara ndani ya dakika kumi. Nyekundu iliachwa kwenye trei isubiri mkusanyaji kama kawaida. Majibu: glukomita 16.8, kijivu 16.2, nyekundu 12.9. Karatasi tatu ziliwekwa mezani mbele ya daktari. Alizitazama, akauliza tyubu za kijivu zimetoka wapi. Zilikuwapo stoo muda wote, hakuna wodi iliyokuwa ikiziomba.

Asubuhi hiyo glibenklamidi ilisimamishwa, insulini ikaanza, metformini ikaendelea baada ya kreatinini kurudi vizuri. Sentensi ya “hafuati masharti” ilifungiwa kwa maelezo mapya. Wanafunzi walitoka wodini wamenyoosha migongo, na walistahili.

Alfajiri ya hatari

Usiku wa pili wa insulini, kabla ya mapambazuko, mwanafunzi wa uuguzi wa zamu alimkuta mzee ametota jasho, anatetemeka, anajibu mambo yasiyoulizwa. Sukari ilikuwa 3.1. Alikuwa bado anaweza kumeza, akapewa glukosi ya kunywa chini ya usimamizi wa muuguzi wa zamu, kisha uji. Baada ya robo saa alipimwa tena, ikawa imepanda, na akili ikamrudia.

Chati ya dawa ilikuwa safi, hakuna aliyempa glibenklamidi. Jibu lilikuwa ndani ya mfuko wa khanga wa binti yake. Vidonge vya nyumbani alikuwa navyo, na kila jioni baada ya chakula alimpa baba yake kimoja kama alivyokuwa akifanya kwa miaka. Hakuna aliyemwambia kwamba dawa ile imesimamishwa. Alilia sana. Mzee alimshika mkono akamwambia, “Nyamaza mwanangu, hukujua.”

Timu ilikaa tena asubuhi hiyo, safari hii pembeni mwa kitanda, na viti viwili vya ziada: cha mzee na cha binti yake. Tuliwaomba wanafunzi wasitoe ushauri wowote kwa robo saa ya kwanza, waulize tu. Ndipo yalipotoka mambo ambayo faili halikuwa nayo. Nyumbani hakuna friji. Binti alipanga kuiweka insulini kwenye friji ya duka la jirani, ile ya soda, ambayo kwa maneno yake “inagandisha mpaka maji”. Mwanafunzi wa famasi, aliyekuwa amekwisha kuandika “hifadhi kwenye friji” kwenye karatasi ya maelekezo, aliufuta mstari huo palepale, maana insulini ikiganda haifai tena hata ikiyeyuka. Mzee mwenyewe ndiye aliyeuliza kama mtungi utafaa. Chupa iliyokwisha kufunguliwa hukaa takriban wiki nne bila friji mradi joto lisizidi, na mtungi wa udongo uliowekwa kivulini na kuloweshwa nje hupoza. Wakakubaliana: chupa ndani ya kikopo kikavu chenye kifuniko, kikopo ndani ya mtungi mdogo, mtungi chini ya uvungu upande usiopigwa na jua. Chupa mpya zingebaki kliniki, achukue moja moja.

Sindano binti alijifunza kwa mwanafunzi wa uuguzi, kila siku, hadi alipoweza kuvuta dozi bila kuelekezwa.

Matokeo

Mzee K. aliruhusiwa sukari ya asubuhi ikicheza kati ya 8 na 11, kisigino kimeanza kukauka, dawa za TB zikiendelea bila kukatizwa. Kwenye kadi yake timu iliandika kwa herufi kubwa kwamba asirudishiwe glibenklamidi akiwa bado kwenye rifampisini, na kwamba dozi ya insulini ipitiwe upya TB inapopona, kwa kuwa mahitaji hupungua maambukizi yakitulia. Alirudi kliniki siku aliyopangiwa, binti akiwa na daftari la vipimo.

Kwa upande wa wodi, tyubu za kijivu zilianza kuombwa na saa ya kuchukua damu kuandikwa. Hilo lilidumu vizuri kwa muda wa kundi lile, kisha likalegea walipoondoka. Sasa hivi saa huandikwa au haiandikwi kutegemea nani yuko zamu.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kwa maoni yangu kilichobeba kisa hiki ni aina ya tatizo. Hakuna kada moja iliyokuwa na jibu zima. Muuguzi alijua chakula, mfamasia alijua ini, maabara walijua tyubu, tabibu alijua namna ya kuvipanga vikawa mpango wa matibabu. Katika mihadhara ya Ijumaa mwanafunzi wa utabibu aliambiwa awaheshimu wenzake. Kwenye chumba cha ripoti aliwahitaji. Mwalimu anayechagua mgonjwa kwa ajili ya timu achague kwa kipimo hicho: je, kuna kitu ambacho kila mmoja wa hawa wanne anakijua na wengine hawakijui? Mgonjwa wa malaria isiyo na makali, anayetibika kwa mstari mmoja wa mwongozo, atawafanya watatu wawe watazamaji.

Mpangilio wa kusema nao ulisaidia kuliko tulivyotarajia. Habari ya chai isiyo na sukari ilikuwapo wodini kwa zaidi ya siku moja. Haikufichwa, ilikosa pa kupita. Kuna walioona kumweka tabibu mwisho ni kumshusha. Kilichoonekana ni kinyume: akisema wa mwisho anakuwa na vitu vinne vya kufikiria badala ya kimoja, na hoja yake kwa daktari inakuwa na uzito.

Tatu ni pingamizi la daktari. Angekubali jioni ile ile, wanafunzi wangejifunza kwamba hoja nzuri inatosha. Alipokataa, walilazimika kutengeneza ushahidi pamoja, na kazi ya kubeba tyubu kwa miguu hadi maabara iliwaonyesha wale watatu umbali na foleni ambavyo mwenzao wa maabara alikuwa akivieleza bila kueleweka. Ila usiku huo mmoja wa kusubiri ulimgharimu mgonjwa usiku mmoja zaidi wa kiu. Hilo halifutiki kwa faida ya somo.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Mwanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport aliandika mwaka 1954, akizungumzia chuki za kibaguzi, kwamba kukutana tu hakupunguzi dharau kati ya makundi. Kunahitaji hadhi sawa ndani ya mkutano, lengo moja, kushirikiana badala ya kushindana, na kuungwa mkono na wenye mamlaka. Wanaofundisha kada mbalimbali pamoja wameichukua hoja hiyo, na kwa kisa chetu inapima vizuri. Matatu ya kwanza yalipatikana ndani ya chumba cha ripoti. La nne lilipatikana kwa nusu. Nje ya chumba kile, mwanafunzi yule yule wa uuguzi aliagizwa na mhudumu wa zamu nyingine akachukue majibu “ya dokta” na asiulize mengi. Wanafunzi huiga wanayoyaona kwa wakubwa wao kuliko tunayowafundisha, na mpango huu haukuwahusisha wauguzi wa zamu ya usiku kabisa.

Alfajiri ya 3.1 ndiyo sehemu ninayotaka walimu waisome mara mbili. Timu ilikuwa imefanya kila kitu vizuri kati yake yenyewe. Karatasi ya pamoja ilikuwa na sahihi nne. Lakini mtu aliyekuwa akimpa mzee dawa kwa mikono yake kila jioni, kabla ya hospitali na baada ya hospitali, hakuwa na sahihi wala kiti. Tulizihesabu kada nne tukadhani timu imetimia. Kwetu mgonjwa hulazwa na ndugu zake, na ndugu ndiye anayelisha, anayeosha, na mara nyingi ndiye mwenye mfuko wa dawa. Mpango wowote wa kufundisha ushirikiano unaoanza kumsikiliza ndugu siku ya kuruhusiwa umechelewa. Sasa swali la kwanza kwenye karatasi ya timu ni: nani anampa mgonjwa dawa nyumbani, na ameleta dawa gani?

Ratiba ilibaki kuwa adui. Mwanafunzi wa maabara alipatikana kwa kuombwa, na kwa wagonjwa wengine wawili wa kipindi kile hakupatikana, timu zikaenda na watu watatu. Katika timu hizo hakuna aliyeuliza kuhusu muda wa sampuli, ingawa kisa cha Mzee K. kilikuwa kimezungumzwa wodi nzima. Inaonekana habari haiwakilishi mtu.

Na kuna alama. Karatasi ya timu haikuwa na alama hata moja katika chuo chochote, kila mwanafunzi alipimwa na mwalimu wa kada yake kwa mambo ya kada yake. Wiki ya mitihani ilipokaribia, wanafunzi wa famasi walikuwa wa kwanza kutoweka. Siwalaumu.

Mipaka ya kisa hiki

Sukari ya Mzee K. ilitupa siku kadhaa za kukaa na kuzungumza. Wodi ya wazazi haitoi nafasi hiyo. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anahitaji timu ambayo imekwisha kugawana kazi kabla damu ya kwanza haijapotea: nani anapima damu kwenye kitambaa chenye vipimo, nani anakanda mji wa uzazi, nani anachoma dawa za kuzuia damu, oksitosini na asidi ya traneksamiki, nani anakimbilia damu ya kuongeza. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023 na kufanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa Tanzania, ulionyesha kwamba kugundua mapema na kutoa hatua hizo kwa mkupuo badala ya moja baada ya nyingine kulipunguza kwa asilimia 60 idadi ya waliofikia kuvuja damu nyingi, kupasuliwa tumbo au kufa kwa sababu hiyo. Hapo utaratibu wa “wa utabibu aseme mwisho” hauna nafasi. Anayeona damu kwanza ndiye anayepiga kelele kwanza, awe nani. Ushirikiano wa namna hiyo hufundishwa kwa mazoezi ya mwigo yanayorudiwarudiwa, na kundi linalofuata litayafanya kwa mdoli, na muuguzi wa zamu ya usiku akiwamo.

Yaliyobadilishwa kwa kundi linalofuata

Siku za timu sasa ni Jumanne na Alhamisi, si Ijumaa kama ilivyokuwa mihadhara, kwa muda wa saa mbili asubuhi baada ya raundi. Msimamizi wa maabara amekubali kumwachia mwanafunzi wake kwa muda huo, kwa sharti kwamba mwanafunzi mmoja wa wodini naye aende kukaa benchi la mapokezi ya sampuli asubuhi moja kila wiki. Chuo kimoja kimekubali karatasi ya timu iwe na alama ndani ya moduli ya mafunzo kwa vitendo. Kingine kimelipeleka ombi kwenye kamati yake ya taaluma, na hadi ninapoandika halijajibiwa, kwa hiyo wanafunzi wa famasi na maabara wataanza Jumanne ijayo bila alama.